Ukienda kuwatembelea Waamishi wa Lancaster

Nilikulia Bunda, si mbali na lango la Ndabaka la Serengeti. Tukitoka shule, magari ya watalii yalikuwa yakipunguza mwendo, vioo vinashuka, kamera zinachomoza, kisha yanaondoka. Hakuna aliyewahi kutuuliza majina. Ndiyo maana marafiki zangu wa Philadelphia waliponiambia twende Lancaster, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, "kuwaona Waamishi", Wakristo wa mashambani wanaoishi kwa mila za zamani na kusafiri kwa vigari vya farasi, nilisita. Nikaenda, na mara ya kwanza tulikosea.

Tulipanda basi kubwa la watalii. Dereva akasimama kando ya shule ya chumba kimoja wakati wa mapumziko ili abiria wapige picha. Watoto wakatupa mgongo. Nilijua kabisa walichohisi.

Ukiweza, tafuta mwongozaji anayeingia kwenye gari lako mwenyewe na kukuelekeza njia za mashambani. Huduma hiyo ipo Lancaster kwa miaka mingi. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: anatoka katika jamii hiyo au ana ndugu humo? Mtaingia kwenye karakana au zizi la mtu aliyekubali kupokea wageni, au mtazunguka tu? Malipo ni kwa gari au kwa kichwa? Familia ya watu 5 itaona tofauti hapo.

Mwongozaji mwenyewe huenda akawa Mmennonite, si Mwamishi, na watu huwachanganya. Wote chimbuko lao ni vuguvugu lililoanza Zürich mwaka 1525, la Wakristo waliosema abatizwe mtu mzima anayeamini, si mtoto mchanga. Wengi wao waliuawa kwa ajili hiyo. Jina la Wamennonite linatokana na Menno Simons, padri aliyeacha upadri mwaka 1536. Waamishi walijitenga mwaka 1693 wakimfuata Jakob Ammann. Leo Wamennonite wengi wanaendesha magari na kusoma chuo kikuu kama jirani yeyote. Wapo wachache wa mkondo wa zamani wanaotumia farasi, na hapo Lancaster utawatambua kwa rangi: kigari cheusi ni chao, cha kijivu ni cha Waamishi.

Mwambie mwongozaji unakotoka. Tuliporudi mara ya pili, wetu alikuwa mama wa umri mkubwa, na nilipotaja mkoa wa Mara aligeuka kwenye kiti akasema, "Shirati!" Shangazi yake aliwahi kuwa muuguzi huko. Wamisionari wa kwanza wa Kimennonite waliofika Shirati mwaka 1934 walitumwa na bodi ya misheni ya huko huko Lancaster, na Kanisa la Mennonite Tanzania limetokana na kazi hiyo. Mwaka 1967 Zedekia Kisare akawa askofu wake wa kwanza Mwafrika. Nilikuwa nimepita mbele ya makanisa yale utotoni bila kujua njia inaishia kwenye mashamba haya ya mahindi. Baada ya hapo hatukuwa watalii tena ndani ya lile gari.

Jambo lililonikaa zaidi ni lugha. Waamishi wamekuwa Pennsylvania tangu miaka ya 1700, na bado nyumbani wanazungumza Kijerumani chao. Mtoto hukutana na Kiingereza sawasawa anapoanza shule. Nina watoto wawili wanaonijibu kwa Kiingereza kila ninapowasemesha Kiswahili, kwa hiyo niliuliza wanawezaje. Jibu lilikuwa fupi: mezani hakuna lugha nyingine. Nimejaribu nyumbani kwangu. Chakula cha jioni sasa kina ukimya mwingi, lakini maneno yanarudi moja moja.

Kuhusu picha, kupiga shamba, kinu cha upepo au farasi aliye mbali hakuna tatizo. Uso wa mtu usipige, hata akiwa hakuoni. Wanaona picha ya kujionyesha inagusa amri ya sanamu na inalea majivuno. Kama mtoto wako ana simu mkononi, mweleze hilo kabla hamjashuka garini.

Maswali ya kazi, mifugo na mapishi yanapokelewa vizuri. Usiombe kupelekwa Nickel Mines. Oktoba 2, 2006 mtu aliingia na bunduki katika shule ya Waamishi pale na kuwaua wasichana 5. Siku hiyo hiyo Waamishi walikwenda kuifariji familia ya muuaji, na siku 10 baadaye shule ikabomolewa. Mwongozaji akilizungumzia mwenyewe, sikiliza.

Jumapili usiende, biashara zao zimefungwa. Siku nzuri ni Jumanne, Ijumaa au Jumamosi, kwa sababu soko la Central Market mjini nalo liko wazi. Mji huo umepokea wakimbizi wengi, wakiwamo Wakongo, kwa hiyo usishangae ukisikia Kiswahili njiani. Treni kutoka Philadelphia huchukua saa moja na kitu, ila kituo kiko mjini na mashamba yako mashariki, karibu na vijiji vya Bird-in-Hand na Intercourse. Bila gari utakwama. Ukiendesha, kigari cha farasi kina pembetatu ya rangi ya chungwa nyuma: punguza mwendo, usipige honi, pita ukiwa umeacha nafasi kubwa.

Waislamu na Wasabato muwe waangalifu na chakula. Scrapple inaonekana kama ugali uliokaangwa, na kweli ina unga wa mahindi, lakini umepikwa na nyama ya nguruwe. Hata pai tamu, unga wake mara nyingine hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, hivyo uliza. Chow-chow ni mboga za siki, karibu sawa na achari, na hiyo nilibeba chupa nne.

Niliinunua kwenye meza kando ya barabara, mbele ya nyumba isiyo na mtu. Kuna bei iliyoandikwa kwa mkono na kisanduku cha kutumbukiza pesa. Beba noti za dola moja moja na tano tano, maana kisanduku hakitoi chenji.