Fremu inavuja na mwenye nyumba yuko kimya: anza hapa

Mvua za vuli zikianza hapa Mwanza, simu yangu haipumziki. Bati la fremu, yaani chumba cha duka, limetoboka, maji yanashuka ukutani, robota la vitenge limelowa, na mwenye nyumba kila akipigiwa ni "nakuja kesho". Mimi ni msaidizi wa kisheria. Kosa ninalokutana nalo sana ni mpangaji kugoma kulipa kodi kwa hasira. Tafadhali usigome. Mkifika barazani, wewe ndiye utakayeitwa mdaiwa.

Hatua ya 1: Soma mkataba
Tafuta panapotaja ukarabati. Mikataba mingi ya fremu ni ya ukurasa mmoja na haisemi kitu; hapo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inakusemea. Kama umepanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje, mitaro mikuu na njia za pamoja ni jukumu la mwenye nyumba. Hakikisha pia mkataba umelipiwa ushuru wa stempu, maana usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi siku hiyohiyo
Piga picha na video maji yakiwa yanadondoka. Orodhesha mzigo ulioharibika na uambatanishe risiti za manunuzi. Usiutupe kabla jirani wa fremu ya pili hajauona kwa macho yake.

Hatua ya 3: Andika barua
Hapa ndipo kesi nyingi huponea. Iwe fupi, bila matusi wala vitisho:

"Tarehe 4 Novemba paa lilianza kuvuja juu ya rafu ya kushoto. Nilikujulisha kwa simu siku hiyo. Naomba litengenezwe ndani ya siku 14. Naambatanisha picha na orodha ya mali iliyoharibika."

Chapa nakala mbili, asaini ya kwako. Akikataa, mkabidhi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kisha mtumie na WhatsApp. Dada mmoja muuza vitenge Makoroboi alilalamika kwa mdomo miezi mitano. Barua ilimleta fundi ndani ya wiki.

Hatua ya 4: Ukitaka kutengeneza mwenyewe
Kwanza mkubaliane kwa maandishi kiasi kitakachokatwa kwenye kodi. Bila karatasi hiyo, fedha yako imezama ziwani.

Hatua ya 5: Nenda barazani
Anzia Baraza la Kata kwa usuluhishi. Siku 30 zikipita bila suluhu, fungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, uombe matengenezo na fidia ya mzigo.

Moto au mafuriko ni habari nyingine, na wenzangu wa kandokando ya ziwa mnalijua hili. Fremu isipofaa kutumika, bila uzembe wako, kodi inasimama au inapungua kwa kadiri ya uharibifu. Isipotengenezwa ndani ya miezi 6, unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Miezi hiyo huhesabiwa tangu siku ya uharibifu, kwa hiyo andika tarehe hiyo leo.