Kabla uzi wa sufu haujaingia kabatini

Uzi wa sufu uliofumuliwa kutoka sweta la mtumba usiuchanganye na nyuzi nyingine upesi. Huenda una mayai ya nondo, na viwavi wake ndio wanaoitoboa sufu. Ufunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uweke kwenye friza yenye nyuzijoto 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Ukiutoa, usifungue mfuko mpaka upoteze ubaridi kabisa, la sivyo unyevu wa hewa utajikusanya kwenye uzi na kuleta ukungu. Uzi wa akriliki, ambao ni wa kiwandani na si wa manyoya ya mnyama, hauhitaji haya. Uzi mpya utunze na lebo yake: namba ya mkupuo wa kutia rangi (dye lot) ikitofautiana kati ya madonge, sweta huonyesha mstari hata kama yalifanana dukani.