Mtandao wa kliniki mjini unawasaidia wagonjwa kweli? Unapima hivi

Watu wengi wakiambiwa wapime kama mtandao wa kliniki za msingi mjini unafanya kazi, wanakimbilia kuhesabu: kliniki ngapi zimeungana, manesi wangapi wamepewa semina, wagonjwa wangapi wameonwa, alafu ripoti imeisha. Bado hapo. Donabedian, daktari mtafiti wa ubora wa huduma za afya, alishaligawa hili tangu 1966, kuna vilivyopo, kuna kinachofanyika, na kuna kinachompata mgonjwa mwishoni, na wewe umeulizwa hicho cha tatu.

Chagua matokeo mawili matatu tu. Presha kushuka chini ya 140/90 ni kizuri manake karibu kila kliniki inapima, na wagonjwa wa pumu au kisukari wanaoishia kulazwa nao wahesabu, sababu wakihudumiwa vizuri kliniki wengi wao wasingefika wodini.

Sasa hapa ndo watu wanapigwa chenga: unagawa kwa nani? Tuseme wameandikishwa wagonjwa 200 wa presha, wanaorudi ni 120, na kati yao 90 presha imekaa sawa. Ukigawa kwa wanaorudi unapata asilimia 75 na bosi anafurahi, ukigawa kwa wote ni 45. Gawa kwa wote. Na mjini watu wanahama nyumba, wanabadili laini, leo kliniki hii kesho ile, mtu mmoja anakuwa na mafaili matatu, kwa hiyo kabla ya hesabu yoyote kaa uoanishe majina na tarehe za kuzaliwa, inachosha kweli lakini hamna njia ya mkato.

Alafu usilinganishe kabla na baada peke yake. Mtu anaandikishwa siku presha imepanda sana, mara nyingi kipimo kinachofuata kingeshuka kidogo hata usingemfanyia kitu. Tafuta kliniki zinazofanana ambazo hazijaungana na mtandao huu wa kliniki, zifuatilie kipindi kilekile, uone nani kabadilika zaidi. Kama zinaingia kwa awamu basi una bahati, za mwisho zinakuwa kipimo cha za mwanzo, ila angalia kwanza kama hizo za mwanzo hazikuwa nzuri tangu zamani.

Na wale 80 waliopotea, wapigie hata 30, uwachague kwa kura sio wale namba zao rahisi kupatikana. Wengine utakuta wanatibiwa kwingine na wako poa, wengine wamefariki, na kwenye rejista wote wameandikwa "hajarudi".