Wasiwasi wa udhu: namna ya kuukata bila kubishana nao

Mdogo wangu alikuwa akianza udhu wa Alfajiri kwenye adhana anamaliza jua linachomoza. Anaosha mguu wa kushoto, anatoka hatua mbili, anarudi, "dada, umeona kisigino kimeroa?" na mie namwambia kimeroa nenda kasali, haipiti dakika mbili nasikia birika linajazwa tena. Mikono imempasuka mpaka anashindwa kukamua ndimu. Naandika kwa mwenye mtu kama huyu ndani ya nyumba, au kama ni wewe mwenyewe, maana dawa yake inajulikana zamani sana na sisi kwa mapenzi yetu tulikuwa tunafanya kinyume chake kabisa.

Kwanza ujue unapambana na nini. Tumezoea kusema "nina wasiwasi" yaani nina hofu tu, lakini neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, waswas, mnong'ono, ndo ule wa Suratun Nas. Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa mwaka 850 hivi karibu na Balkh, Afghanistan ya leo, aliandika kitabu kizima cha afya ya mwili na nafsi, akayapanga matatizo ya nafsi mafungu manne: hasira, huzuni, hofu, na wasiwasi wa moyo. Wasiwasi akaupa mlango wake peke yake, hakuuchanganya na hofu wala huzuni. Na alishauri mtu wa namna hii asikae peke yake na asikae bure. Hilo anza nalo leo, usimwache ajifungie.

Pili, acha kumweleza kwa hoja. Yeye anajua! Mwaka 1838 daktari Mfaransa Esquirol aliandika habari za mwanamke anayemtaja kama Mademoiselle F., siku moja akiwa na miaka 18 katoka kwa shangazi yake, ikamwingia kwamba labda kwenye mifuko ya aproni kabeba kitu cha watu bila kujua. Basi ikawa kukagua, kung'uta, kusugua mikono, miaka na miaka, na mwenyewe akiona ni upuuzi lakini hawezi kuacha. Wafaransa wakaja kuuita wazimu wa shaka. Kwa hiyo ukimwambia "lakini umeshaosha" humpi habari mpya, unampa utulivu wa dakika mbili alafu shaka inarudi na njaa zaidi.

Sasa hapa ndo penyewe. Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, karne ya 16, aliulizwa dawa ya wasiwasi akajibu ni kuupuuza jumla, hata kama shaka bado ipo moyoni, kwani usipoutazama hautulii kwako unaondoka, na anayeusikiliza unamzidi mpaka anafanana na mwendawazimu. Karne nne baadae, mwaka 1966, Victor Meyer, mwanasaikolojia wa London, aliandika kuhusu wagonjwa wake wawili. Mmoja alikuwa wa kuosha osha, wakamgusisha vitu anavyoogopa, wakafunga maji, manesi wakawa naye asioshe, na akapata nafuu kubwa. Matibabu yanayotumika leo duniani yametoka hapo. Kabla yake Freud, daktari maarufu wa mambo ya nafsi, na wenzake walichimba sana chanzo, na mie naona ule muda wa kutafuta kwa nini ungetumika kufunga bomba.

Nyumbani tulifanya hivi. Mtume (SAW) alitawadha kwa kibaba kimoja, na kuoga kwa pishi mpaka vibaba vitano, na kibaba hicho hakifiki lita. Basi tukachukua chupa ya lita moja, tukaijaza, ikiisha imeisha, birika tukaficha. Kila kiungo mara tatu haizidi. Siku ya kwanza alitetemeka, akalia, akasema sala yake haitasihi, na hapo inabidi ukae naye tu, usimtulize kwa maneno, maana ile dhiki inapanda, inapanda, alafu inaanza kushuka yenyewe, na ni lazima aione inashuka bila maji. Kama chupa ni ngumu mno anzeni na kitu kidogo, kwa mfano acheleweshe kurudi bombani dakika tano, kesho kumi.

Na nyie wa nyumbani mkubaliane mapema, yeye akiwa ametulia na ameridhia mwenyewe, kwamba maswali ya "umeniona?" hayajibiwi. Sisi sentensi yetu ilikuwa "nakupenda, hilo silijibu, twende." Mama alishindwa wiki nzima, anamjibu kwa siri jikoni. Msigombane, anzeni tena.

Kama wake ni wa mawazo, yaani matusi au kufuru zinamjia ndani ya sala na anajiona katoka kwenye dini, mwambie mara moja tu: Masahaba walimlalamikia Mtume mambo ya nafsini wasiyoweza hata kuyatamka, akawaambia hiyo ndo imani ya wazi. Na mwaka 1978 watafiti Rachman na de Silva walionyesha kwamba watu wa kawaida nao wanajiwa na mawazo ya namna hiyo, tofauti ni kwamba wanayaacha yapite. Hapa pia asirudie takbira wala asijibizane na wazo.

Ikiwa kazi hawezi, chakula hali, au anataka kujidhuru, usingoje chupa, mpeleke hospitali. Dawa zipo, klomipramini inatumika tangu miaka ya 1960, na siku hizi flukisetini na ndugu zake, ila zinachukua wiki nyingi kabla hujaona kitu, kwa hiyo asiache wiki ya pili akisema hazifanyi kazi. Watu wanaona haya kuonekana Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili hapa Zanzibar. Nilimshika mkono mdogo wangu tukaingia mchana kweupe.

Leo Alfajiri kauliza kisigino mara moja. Sikujibu. Kasimama mlangoni kidogo, kavaa kofia, katoka.