Takwimu za utafiti wa afya, hatua kwa hatua: mama wa dakika 280

Wenzangu wa kliniki hapa Lamu hunijia na daftari lililojaa, swali lao likiwa moja: "Sasa nitumie hesabu gani?" Aghalabu swali hilo linakuja likiwa limechelewa. Hesabu yenyewe kompyuta itafanya kwa sekunde. Kazi ni kujua nani amehesabiwa na nani ameachwa.

Nitakwenda na mfano mmoja: wajawazito wanaokuja kliniki ya mjini, hemoglobini yao (protini ya damu inayobeba oksijeni), na muda waliotumia njiani. Namba nimezitunga za kufundishia, usizinukuu kama hali ya kaunti. Kisa cha dakika 280 peke yake ndicho kilichonipata.

Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja

"Upungufu wa damu Lamu" si swali, ni mada. Swali ni hili: kati ya wajawazito waliohudhuria kliniki ya mjini kwa mara ya kwanza, Januari hadi Juni, ni wangapi walikuwa na upungufu wa damu? Lina watu, mahali na muda.

Amua pia kiwango kabla hujaona data. Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu wa damu kwa mjamzito kuwa hemoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita, na tangu 2024 chini ya 10.5 kwa miezi mitatu ya kati. Ukisubiri namba zije ndipo uchague, utachagua kinachokupendeza hata kama u mcha Mungu.

Hatua ya 2: Tafuta namba ya chini ya mstari

"Tumepata kina mama 84 wenye upungufu wa damu." Kati ya wangapi? Tuseme walifika 260, lakini vifaa vya kupimia viliisha kwa wiki kadhaa, wakapimwa 200. Basi ni 84 kwa 200, yaani 42% ya waliopimwa. Wale 60 wataje waziwazi kwenye ripoti.

Na kwenye jedwali, asiyepimwa mwachie kisanduku kitupu. Usimwandikie 0. Kama wastani wa wale 200 ni 11, ukiongeza sifuri 60 wastani unashuka hadi 8.5 bila damu ya mtu yeyote kupungua.

Hiyo 42% ni hali iliyopo kwa wakati huo. Ukitaka visa vipya, lazima uanze na wasio na tatizo, uwafuatilie, uhesabu wanaolipata. Usiyachanganye mawili haya.

Hatua ya 3: Safisha data, lakini usifute upesi

Hapa ndipo nilipoponea chupuchupu. Tulikuwa tukiuliza kila mama ameondoka nyumbani saa ngapi na amefika saa ngapi. Mmoja, kutoka upande wa kisiwa cha Pate, aliandikwa 11:00 na 3:40. Excel ikatoa moja kwa nyingine na kunijazia kisanduku alama za ####, maana muda umekuwa hasi. Nikaona ni kosa la uandishi, kidole kiko juu ya kitufe cha kufuta.

Nikamwita kijana aliyejaza fomu. "Alikwambiaje?"

"Alisema ametoka saa kumi na moja."

Alfajiri, bwana! Saa kumi na moja ya alfajiri hadi saa tatu na dakika arubaini ya asubuhi ni dakika 280. Walikuta maji yamekupwa, mashua haipiti mfereji wa Mkanda, wakangoja yajae. Kompyuta haijui saa zetu. Tangu siku hiyo fomu zangu zina kisanduku cha alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku.

Kanuni ninayoifuata: namba isiyowezekana irudishe kwenye fomu ya karatasi, namba ya ajabu iulizie. Hemoglobini 108 huenda ni 10.8, mashine imetoa gramu kwa lita. Faili la mwanzo halifutwi kitu. Fanyia kazi nakala.

Hatua ya 4: Chagua namba ya kuwasemea wote

Dakika za kina mama tisa, kwa mpangilio: 10, 15, 15, 20, 20, 25, 30, 35, 280.

Jumla ni 450. Gawa kwa 9, wastani ni 50. Tazama safu tena: nani amesafiri dakika 50? Hakuna. Wanane wako chini yake, mmoja yuko mbali mno juu. Sasa chukua namba ya kati, ya tano kutoka upande wowote: 20. Hiyo ndiyo mediani. Mama wa 280 angetumia dakika 600, mediani ingebaki 20.

Kwa data iliyovutwa upande mmoja, kama muda, gharama au siku za kulazwa, toa mediani. Kwenye Excel ni =MEDIAN(B2:B10). Lakini mediani nayo ina hila: imemmeza mama wa Pate. Kwa hiyo andika pia ndogo kabisa na kubwa kabisa, 10 hadi 280.

Hatua ya 5: Mtawanyiko

Hemoglobini za watu hutawanyika pande zote mbili za wastani, hapo wastani unafaa. Ufuatishe na mkengeuko sanifu, kipimo cha namba ziko mbali kiasi gani na wastani. Fanya mara moja kwa mkono: 9, 10, 11, 12, 13. Wastani 11. Tofauti ni −2, −1, 0, 1, 2. Vipeo vya pili 4, 1, 0, 1, 4, jumla 10. Gawa kwa 4 (idadi toa moja), upate 2.5, kipeuo chake cha pili karibu 1.6. Baada ya hapo tumia =STDEV.S na upumzike.

Hatua ya 6: Sampuli na masafa ya uhakika

Ile 42% imetoka kwa watu 200 tu, ndio sampuli yetu. Ukichukua 200 wengine haitakuwa ileile. Zidisha 0.42 kwa 0.58, gawa kwa 200, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 1.96: karibu 0.068. Masafa ya uhakika ya 95%, yaani eneo ambamo asilimia ya kweli huenda imo, ni takriban 35% hadi 49%. Wangekuwa 50 tu, ingekuwa 28% hadi 56%. Ili masafa yapungue nusu, unahitaji watu mara nne.

Ila hesabu hiyo haitibu upendeleo. Ukikusanya wakati wa kaskazi pekee, hukuona kusi, bahari inapochafuka na watu wa kisiwa cha Kiwayu wakaahirisha safari. Hata kadi 10,000 za mjini hazitakuletea aliyebaki kisiwani. Huyo unamfuata, wewe au wahudumu wa afya ya jamii.

Hatua ya 7: Thamani ya p, kwa ufupi

Inajibu hili tu: kama kweli hakuna tofauti kati ya makundi mawili, ni mara ngapi bahati ingeleta tofauti kubwa kama hii au zaidi? Haikwambii tofauti ina uzito kwa mgonjwa. Mpaka wa 0.05, ambao p ikiwa chini yake watu husema tofauti si bahati tu, ni desturi aliyoieneza mwanatakwimu Ronald Fisher tangu 1925, si aya.

Sentensi ya matokeo iwe hivi: "Kati ya wajawazito 260 waliofika, 200 walipimwa, 84 (42%, masafa ya uhakika ya 95%: 35–49%) walikuwa na upungufu wa damu. Mediani ya safari kwa tisa waliohojiwa ilikuwa dakika 20 (10–280)." Chini yake, mstari mmoja: aliyetumia 280 alisubiri maji kujaa.