Kuchagua Baiskeli ya Mlimani Unaporejea Kuendesha

Mtu aliyeacha baiskeli tangu ujanani, na sasa anataka kuzunguka njia za Msitu wa Karura jijini Nairobi au kupita kati ya pundamilia katika hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, hahitaji chombo cha mashindano. Anahitaji fremu inayomtosha, breki zinazoshika na vipuri ambavyo fundi wa mtaani anavijua.

Aanze na fremu. Avae viatu atakavyoendeshea, asimame huku mtarimbo wa juu ukiwa katikati ya miguu yake, na ahakikishe kwamba panabaki angalau sentimita 5 za nafasi. Kiti hupandishwa na kushushwa, lakini fremu ndefu kupita kiasi haina dawa, hata kama bei imepunguzwa mno.

Baiskeli za bei nafuu zenye springi mbele na nyuma hupendeza dukani, ila kwa bei hiyo springi ya nyuma huongeza uzito, hula nguvu za miguu mlimani, na maungio yake hulegea mapema. Kwa maoni yangu, springi ya mbele pekee inatosha. Na kwa njia nyingi za Karura, hata fremu isiyo na springi, yenye tairi za upana wa inchi 2 zisizojazwa upepo kupita kiasi, itamfaa.

Idadi ya gia isimbabaishe. Cha kuuliza ni kama sproketi (gurudumu la meno linaloshika mnyororo) kubwa kabisa ya nyuma ina meno mengi kuliko ile ndogo kabisa ya mbele, kwa mfano 32 nyuma na 22 mbele, kwa kuwa hapo ndipo mtu aliyepoteza pumzi huweza kupanda bila kushuka na kusukuma.

Baiskeli ya mtumba ichunguzwe kwa subira zaidi. Nyingi za zamani zina magurudumu ya inchi 26, nayo hayana ubaya, ingawa yale ya inchi 29 huvuka mawe kwa wepesi zaidi. Mnunuzi akague shingo ya fremu na kila sehemu iliyochomelewa, kwa sababu alumini iliyopasuka si kazi ya kuchomelewa kando ya barabara. Kisha apime pingili 24 za mnyororo: ukiwa mpya hufikia milimita 304.8, na ukifika 308 umechakaa, na huenda umekwisha kula meno ya sproketi. Breki za mafuta aziminye na kuzishikilia. Mkono wa breki ukizidi kuzama, kuna uvujaji au hewa ndani. Breki za waya hazina ugumu huo wa matengenezo.

Kabla ya kukubaliana bei, atenge fedha za kofia ngumu, pampu na tyubu ya akiba, kisha aijaribu baiskeli kwenye mwinuko huku akibadilisha gia. Muuzaji akikataa majaribio hayo, aende kwa mwingine.