Robe (gauni) ya ndoa ya chaguwa, yaani ya mitumba, hapa Goma: namna ya kuinunua, kuisafisha na kuiuza, hatua kwa hatua

Wadada wananiandikia kila mara swali lile lile, robe ya ndoa nzuri wataipata wapi bila kumaliza franga zote, na wale waliokwisha kuolewa nao wananiuliza wafanye nini na ile iliyotundikwa kabatini toka siku ya arusi. Wengine wanakaa avenue moja na hawajuani. Kazi yangu njo hiyo, kuwakutanisha, na leo naandika namna ninavyoifanya toka mwanzo mpaka mwisho ili nawe uweze kuifanya bila kupita kwangu.

Ninaipenda hii kazi kabisa. Kuna familia inachukua zamu yake ya likelemba (mchango wa kupeana kwa zamu), inaongeza deni kwa shangazi, yote kwa robe ya kuvaa Jumamosi moja, kisha wiki inayofuata hawana ya kulipia nyumba. Inaniuma, kwa sababu robe nzuri ziko nyingi mjini na zimelala.

Hatua ya 1: ujue robe inatoka wapi

Njia ni tatu. Ya kwanza ni balo, lile furushi la mitumba. Pale soko la Virunga wanapofungua mitumba asubuhi, robe nyeupe inaweza kutokea katikati ya mashuka na mapazia, imekunjamana, zipu imekatika, na muuzaji anataka tu amalize balo lake, basi anakuachilia kwa bei ndogo. Ya pili ni nyumba zinazokodisha, siku wanapotoa zile zilizochoka. Ya tatu ni bibi arusi mwenyewe.

Mimi napendelea ya tatu. Imevaliwa siku moja, na unaweza kumuuliza mwenyewe ilimwagikiwa nini, ilipunguzwa na fundi gani. Ile ya kukodisha imefuliwa mara nyingi kwa haraka, ukiwa mgeni kwenye kazi hii iache kwanza.

Ukinunua kwa bibi arusi, kabla ya kutoa hata franga moja uliza robe ilinunuliwa na nani, na mumewe anajua kama inauzwa? Upande wa bwana mara nyingi njo uliolipa, na unaweza kushangaa shemeji anakuja kwako baadaye kudai robe ya kaka yake. Mimi nachukua robe bwana akiwepo, au akinipigia simu mwenyewe.

Hatua ya 2: iangalie mchana, nje, na uanzie chini

Usinunue robe usiku kwa mwanga wa taa. Taa ya njano inaficha njano yote. Itoe nje saa nne asubuhi, ishike mkononi, usimwache mtu mwingine akushikie.

Anzia kwenye pindo. Goma tunatembea juu ya mawe ya volkeno, na vumbi letu ni jeusi na lina makali. Geuza pindo ndani nje: utaona mstari mweusi kwenye mshono, na kama robe ina tuli, ile nyavu ya chini itakuwa na vitundu vidogo vidogo pale ilipoburuzwa njiani toka kwa gari mpaka mlango wa kanisa. Mstari mweusi unatoka ukiufanyia kazi. Tuli iliyotobolewa haiponi, itabidi fundi akate ile tabaka ya chini na kuweka nyingine, na hiyo ni gharama unayoitoa kwenye bei palepale.

Kisha kwapa. Gusa kitambaa kwa vidole viwili, kikiwa kigumu kuliko pembeni yake ni jasho na diodoranti vimekauka humo, na hiyo ni ngumu sana kutoa. Angalia shingo kama kuna rangi ya vipodozi. Angalia kifua na mapajani kama kuna doa la soda, champanyi au keki, maana sukari ikikauka haionekani, unakuja kupiga pasi, na doa la kahawia linatokea mbele ya macho yako. Kwa hiyo robe isiyofuliwa usiipige pasi hata siku moja, hata kama mwenyewe anaapa kwamba ni safi.

Zipu ifungue na kuifunga yote. Ile ya kamba mgongoni ni nzuri zaidi kwa biashara yetu, kwa sababu inakubali miili tofauti. Halafu ingiza mkono ndani, angalia mshono wa pembeni umebakiza kitambaa cha kiasi gani. Ukikuta sentimeta mbili kila upande, robe hiyo inaweza kupanuliwa. Ukikuta imekatwa karibu na uzi, itabaki saizi yake au ndogo zaidi, basi.

Kuhusu kitambaa, soma kikaratasi cha ndani. Robe nyingi mpya za kwenye maduka yetu zinatoka China, na mji wa Suzhou kule unajulikana kwa biashara hii ya nguo za ndoa, ni poliesta karibu zote na hiyo haina ubaya, poliesta inavumilia maji. Hariri ya kweli unaweza kuikuta kwenye balo. Kama kikaratasi hakipo, vuta uzi mmoja toka ndani ya pindo na uuchome mbali na robe: poliesta inayeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi, hariri inanuka nywele zilizoungua na jivu lake linavunjika kwa kidole.

Hatua ya 3: pima kwa meta, namba usiifuate

Saizi 8 ya Marekani ni karibu 12 ya Uingereza na 40 ya Ufaransa, na robe za ndoa mara nyingi ni ndogo kuliko namba yao. Kwa hiyo andika vipimo vinne kwa sentimeta: kifua, kiuno, hipsi, na urefu toka kwenye shimo la koo mpaka chini. Huo urefu bibi arusi ataupima akiwa amevaa viatu vya siku ile.

Hatua ya 4: bei

Tuseme robe ilinunuliwa mpya dola 250. Mimi siangalii hiyo 250, naangalia ninachoweza kuuzia, tuseme 130, halafu narudi nyuma: kusafisha 10, fundi 20, motari na simu 5, faida yangu 30, inabaki 65. Hiyo njo ninayompa mwenyewe, na ninamwonyesha hesabu kwenye karatasi. Mtu akiona hesabu hakasiriki, anakasirika ukimwambia tu "imechoka" bila kumwonyesha wapi.

Ukilipa au kulipwa dola mkononi, noti iangalie pembe zote, iliyopasuka hata kidogo sana itakulalia, hakuna atakayeipokea. Kwa Airtel Money au M-Pesa, ngoja ujumbe uingie kwenye simu yako wewe na uangalie salio. Picha ya ujumbe wa mtu mwingine haina kazi.

Hatua ya 5: kusafisha

Hapa njo penye kazi yenyewe, usiharakishe.

Kwanza robe ikauke kabisa. Itundike, ipigepige chini kwa mkono, kisha chukua burashi laini kama ya nguo za mtoto na usugue pindo likiwa kavu, toka juu kwenda chini, mpaka vumbi jeusi liache kudondoka. Watu wengi wanaingiza pindo kwenye maji moja kwa moja, na lile vumbi la volkeno linageuka tope, linaingia ndani ya nyuzi, na ukisugua linakata kitambaa kama msasa.

Maji tayarisha bidoni nne za lita 20 kwa robe moja pana. Maji ya mvua yanapendwa kwa sabuni, lakini yale ya bati letu yanakuja na majivu ya volkeno yetu ya Nyiragongo, yaache yatulie usiku mzima na uyachuje kwa kitambaa cheupe. Tumia maji baridi na sabuni laini ya maji, kidogo. Loweka pindo peke yake kwenye beseni dakika thelathini, litikise polepole, mwaga, rudia. Kwapa paka uji wa bikaboneti na sabuni, acha lisaa limoja, suuza. Doa la damu ni maji baridi peke yake, ya moto yanaligandisha.

Javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, usiiweke! Nasema kwa nguvu kwa sababu kila mtu anaikimbilia. Hariri inaliwa na javeli, na dantela (lesi) na poliesta zinaweza kugeuka njano ambayo haitoki tena. Ushanga uliobandikwa kwa gundi nao haupendi moto wala kulowekwa muda mrefu, hapo futa kwa kitambaa chenye unyevu tu.

Usikamue. Ilaze juu ya shuka safi, ikunje pamoja na shuka, bonyeza maji yatoke, halafu ianike kivulini kwa kuipitishia kijiti mikononi, siyo kuitundika kwa mabega ikiwa nzito ya maji, itarefuka. Pasi ni ya umeme, upande wa ndani, na kitambaa cha pamba katikati. Pasi ya makala ukiipitisha juu ya robe nyeupe, cheche moja inamaliza kazi yote.

Hatua ya 6: fundi

Fupi: rekebisha kilichoharibika na uongeze kitu kimoja tu. Parokia nyingi zinaomba mabega yafunikwe, kwa hiyo robe isiyo na mikono nawekea mikono ya dantela inayofungwa kwa vifungo, kanisani inavaliwa, kwenye ukumbi wa sherehe inatolewa. Mkanda wa rangi kiunoni nao unabadilisha sura, na hilo ni muhimu mji huu ambapo kwaya moja inaimba kwenye ndoa nyingi na wanakumbuka kila kitu. Robe iliyoonekana sana mtaa wa Himbi mimi naituma kwa bato mpaka Bukavu, huko ni mpya.

Hatua ya 7: picha na maelezo

Piga picha mchana, mbele ya ukuta mweupe au shuka: mbele, mgongo, pindo, na picha ya kila kasoro kwa karibu. Usitumie picha za arusi ya mwenyewe, sura yake na ya bwana wake si za kuuza. Andika vipimo vyote vinne, kitambaa, na nini kilirekebishwa, mfano: "doa dogo chini ya kwapa la kushoto, halionekani mkono ukiwa chini, dola 110."

Wateja watauliza, yaya, mwenye robe bado yuko na bwana wake? Watu wanaogopa kuvaa robe ya ndoa iliyovunjika, na mimi siwachekei. Kama najua, nasema kweli. Kama mwenyewe hakutaka niseme, namwambia mteja kwamba mwenyewe hakupenda kuongea, na yeye achague. Kudanganya hapo ni kuingilia ndoa ya mtu.

Anza kutangaza mapema. Ndoa zinajaa Julai, Agosti na Desemba, na kwenye Kwaresima parokia zinatulia, huo njo wakati wa kununua.

Hatua ya 8: kujaribisha na kukabidhi

Mteja ajaribu nyumbani kwako, mikono imeoshwa, uso bila vipodozi, miguu juu ya shuka. Akae, ainue mikono, acheze kidogo. Akiipenda anaacha avansi ya nusu, unaandika karatasi mbili zenye tarehe ya kumaliza, na robe inabaki kwako mpaka franga zitimie. Mimi sirudishi franga baada ya arusi, na hilo liko kwenye karatasi.

Kifuko kiwe cha pamba, shuka la zamani lililoshonwa linatosha. Plastiki inafungia unyevu ndani na robe inapiga njano.

Na kama mteja ni wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, plastiki inakuwa shida mara mbili: Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki toka 2008, watakunyang'anya hapo kwenye barrière (mpakani). Tena 2016 walipandisha kodi ya nguo za mitumba toka dola 0.20 mpaka 2.50 kwa kilo, na robe pana na jupo yake ya waya (sketi ya ndani) inaweza kufika kilo nne. Mwambie mteja aulize duane (forodha) kabla ya kuja, apate jibu kutoka kwao, kisha njo mpange bei na nani atalipa nini.